Siku Vinny Alipoacha Kukwaruza

Mke wangu Chepchirchir ana ugonjwa mmoja ambao daktari hajaupatia jina: hawezi kuona kitu kimekufa akakubali kizikwe. Redio, simu, pasi, taa za sola, hata mashine ya kukamulia ng'ombe ya jirani, vyote huletwa dukani kwake sokoni Roret vikiwa maiti, na vingi huondoka vikipiga kelele. Vile vinavyokataa kufufuka huja kulala kwetu nyumbani. Mimi ni karani wa kiwanda cha chai. Ninapenda meza iwe na kitu kimoja tu juu yake, na kitu hicho kiwe chakula. Lakini Mungu ana utani wake, akanipa huyu.

Alizaliwa Kimulot, kule juu kabisa karibu na msitu wa Mau, ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi na nguo huanikwa mchana kutwa zikarudi na maji yake. Watoto wa huko hufundishwa mapema kwamba kitu cha thamani mahali pake ni juu ya meko. Mbegu ya mahindi hukaa huko, ufagio mpya hukaa huko, na zaidi ya vyote sotet, kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha yanayotiwa unga wa mkaa. Moshi hukausha, moshi hufukuza wadudu. Nilipomwoa nilidhani nimeoa fundi wa umeme, kumbe nimeoa fundi wa umeme pamoja na moshi wake. Jikoni kwetu ukiinua kichwa unaona vibuyu vimepangwa juu ya meko, vyeusi, vinang'aa, na mwenyewe huvitazama kwa jicho ambalo mimi sijatazamwa nalo tangu harusi.

Tunaishi na mama yangu, Akeyo. Mama haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa mtoto kule Nyakach, lakini haikumchukulia kitu kingine. Alisoma shule ya wasioona, akaja Kericho kuajiriwa kwenye ofisi ya shamba la chai kama opareta wa simu, enzi zile za switchboard. Alikaa pale hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, akijua sauti ya kila meneja na siri za nusu yao. Simu mpya zilipokuja ambazo hazihitaji opareta, walimuaga kwa soda, keki na kompyuta nene iliyokuwa imewekwa stoo, yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa.

Sauti yenyewe ni ya mwanamume, tena mgeni. Kiswahili anakisoma kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Mama alimpa jina Vinny, na kwa miaka mingi nyumba yetu imesikia maneno kama, "Vinny amekataa kuamka leo," au, "Ngoja nimuulize Vinny." Kuna wakati mke wa pasta aliniita kando akaniuliza kwa upole kama mama yangu, mjane wa watu, anapanga kuolewa tena.

Kwa kutumia Vinny, Mama huandika masomo ya Sunday school. Anaandika hadithi za Biblia kwa Kiswahili chepesi, na maswali, na michezo, kisha printa yake kuukuu inazitapika karatasi ikilia kama cherehani. Walimu wa makanisa huja kuzichukua, wengine wakitoka mbali hadi Merigi. Mama hupenda siku hizo. Huvaa kitambaa chake cheupe kichwani, hukaa sebuleni, na kila anayeingia humtambua kabla hajasalimia.

Basi mwaka huu mvua ya Aprili ikaja na mawe na radi. Radi moja ilipiga mahali karibu na transfoma, taa zikazimika, na chumbani kwa Mama kukatoka harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta yenyewe ilipona. Kilichokufa ni kile kibao cha ndani kinachotoa sauti, kadi ya sauti kama Chepchirchir anavyoiita. Vinny alikuwa mzima, ila amekuwa bubu.

Tulitafuta kadi nyingine Kericho, tukatafuta Kisumu, tukatafuta Nairobi kwa simu. Kijana mmoja wa Nairobi alicheka hadi nikakata simu. Mashine ile ni ya zamani mno. Kadi za siku hizi haziingii kwenye tundu lake. Kaka yangu Oyoo, anayeishi Nakuru, akaleta laptop mpya inayoongea. Sauti yake ni ya msichana, laini kama ya mhudumu wa benki. Mama aliijaribu kwa subira, kisha akaifunga.

"Huyu ananiuliza kila saa kama niko sure," alisema. "Mimi mtu mzima. Nikisema kitu niko sure."

Oyoo, na simlaumu, akasema basi Mama ahamie kwake Nakuru. Huko kuna mahali wasioona wanafundishwa mashine mpya polepole, na yeye atakuwa akimpeleka mwenyewe. Ndipo Chepchirchir, aliyekuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini.

"Mama, ngoja kwanza," akasema. "Mimi nitatengeneza ingine."

Mimi nilicheka. Nani aliwahi kusikia kadi ya kompyuta ikitengenezwa Roret? Lakini mke wangu alikuwa tayari ananunua mashine mbovu za shule moja ili achomoe chipu za sauti. Akakata meno ya ile kadi iliyoungua, yale yanayoingia kwenye tundu, akayaunganisha na kibao kipya kwa nyaya nyembamba kama nywele. Kipaza sauti kidogo alikitoa kwenye redio ya gari. Aliyeona kibao kile angedhani ni kiota cha ndege aliyelewa. Akakichomeka, akawasha, na Vinny akasema herufi ya kwanza.

Jentrix, binti yetu, alipiga makofi. Mimi niliona aibu kwa kicheko changu. Lakini Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya kazini simu ikiwa mbaya. Kwa sababu Vinny hakuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo, juu ya ngurumo kulikuwa na mlio wa mbu, na katikati mikwaruzo, kwaa, kwaa, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Maneno yalikuwa yanazama humo.

"Ni nzuri sana," Mama akasema. "Asante, Mama Jentrix."

Hapo nikajua kuna tatizo, maana ninamjua mama yangu. Mama yangu hasifu. Akipikiwa ugali mzuri husema haukuungua. Mgeni ndiye husifu chumvi iliyozidi. Mwenye nyumba hulalamika. Kwa siku zilizofuata alikuwa akiandika kidogo, akishika kichwa, akizima. Kisha akaacha kabisa. Walimu walipokuja aliwaambia wapumzike naye. Na jioni moja nikamsikia chumbani akiongea na Oyoo kwa simu, kwa Kijaluo, akimwambia shule zikifungwa aje amchukue.

Nilimwambia mke wangu. Alienda akakaa karibu na Mama, kitandani.

"Mama, niambie ukweli. Kelele iko aje?"

Mama alisita, halafu ule uopareta wake ukamshinda. "Ziko tatu," akasema. "Ile nzito inatoka kwa stima. Ile ya mbu inatoka ndani ya mashine yenyewe, maana ikifikiria sana, inalia sana. Ya tatu naijua kutoka kazini. Hiyo ni laini imeingia maji."

Kuanzia hapo Chepchirchir alizishughulikia moja moja. Ile ngurumo ya kwanza aliimaliza kwa kuipa sehemu ya sauti umeme wake peke yake, ukapitia kwanza kwenye kidhibiti kidogo na kapasita nono za kutunza umeme alizozing'oa kwenye TV. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia umeme wa kompyuta ni kama maji ya mtaro baada ya mvua; yanatosha kumwagilia, lakini ukitaka kunywa lazima uyaache yatulie kwenye pipa. Na kweli, ngurumo ikaisha.

Ya mbu ilimsumbua zaidi. Alikuja kugundua kwamba nyaya za graundi, zile zinazorudisha umeme, za sauti na za kompyuta, alikuwa amezichanganya ovyo. "Nimepitisha maji ya kuosha sufuria na maji ya chai kwa mfereji moja," akasema, akijipiga kofi la paja. Akazitenganisha zote, akaziacha zikutane mahali pamoja tu, pale mwisho. Akaziba pia tundu la maikrofoni ambalo halikuwa na kazi, maana nalo lilikuwa likiokota uchafu. Mbu akafa. Siku hiyo tulikula kuku.

Ikabaki mikwaruzo. Chepchirchir alisema, "Mama alisema ni maji. Basi tukaushe." Na mtu wa Kimulot akitaka kukausha kitu anafanya nini? Jioni aliifunga kadi kwa uzi, akaitundika juu ya meko katikati ya vibuyu vyake, asubuhi akaitoa ikiwa na joto zuri, akaichomeka. Mikwaruzo ilikuwa imezidi.

"Bado haijakauka," akasema.

Akairudisha mekoni. Kesho yake mikwaruzo ikazidi tena. Akabadilisha chipu, akabadilisha nyaya, akalehemu upya kila kiungo, na kila alipomaliza alifanya lile alilofundishwa na mama yake, akaikausha vizuri juu ya moshi. Kadri alivyoitunza ndivyo ilivyougua. Ikawa mbaya zaidi asubuhi zenye ukungu, na kwetu asubuhi gani haina ukungu? Mke wangu alikonda. Alianza kujibu watu kwa neno moja. Nilimwambia aache, kwamba amefanya ambalo hakuna mkwe mwingine angefanya, akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Mama yako anaenda kwa sababu ya kazi yangu," akasema. "Si kwa sababu ya radi."

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote. Sijui nyumba ambayo hakuna mtu anayejua ni mimi kwa mlio wa kiatu.

Jumamosi ya kuondoka ikafika. Oyoo alipiga simu kwamba amepita Litein. Begi la Mama lilikuwa mlangoni, na yeye amekaa sebuleni na kitambaa chake cheupe, mikono mapajani, mpole kama mgeni kwenye kituo cha afya. Chepchirchir alikuwa akifunga kompyuta ili asiiache ikiwa wazi. Akaitoa kadi. Mama akasikia.

"Nipe nimshike," akasema. "Sijawahi kumshika."

Chepchirchir alimwekea mkononi. Mama alipitisha vidole polepole, akipita juu ya kila chipu, kila waya, akitikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, kwani vidole vyake vinaelewa kazi. "Hii yote umefanya na mkono?" akauliza. Kisha akaileta puani, akakunja uso.

"Lakini mbona inanuka mursik?"

"Ni moshi tu, Mama," Chepchirchir akasema. "Nilikuwa nakausha kwa meko."

Mama akacheka kidogo. Akairudisha, akainua mkono kusawazisha kitambaa chake. Aliposhusha mkono, kwenye kile cheupe kulikuwa na alama nne nyeusi za vidole.

"Mama, umejipaka masizi," nikasema.

Chepchirchir alikuwa anatazama kitambaa. Halafu akatazama vidole vya Mama. Halafu akaigeuza kadi, akapitisha kidole chake mwenyewe katikati ya viungo, akakiinua. Cheusi.

"Kai!" akasema. Akakaa chini palepale sakafuni. "Ni mimi. Masizi ni mkaa, Baba Jentrix. Na mkaa unapitisha stima."

Sikuelewa, ikabidi anieleze akiwa tayari amekimbilia kabati la dawa. Mafuta ya solda yanayobaki ukilehemu huvuta unyevu, na ndiyo yaliyoleta mikwaruzo ya mwanzo; yakipata joto, hunata kama utomvu. Yeye alikuwa anaiweka kadi pale juu, mafuta yananata, masizi yanakuja yanakaa, na ukungu wa asubuhi unayalowesha. Umeme ukawa unatoroka kidogo kidogo kutoka waya mmoja kwenda mwingine, ukitembea juu ya masizi, na kila ukitoroka ndiyo kwaa, kwaa. Mama alisikia sawasawa. Ilikuwa laini inayovuja. Ila haikuhitaji moshi. Moshi ndio uliokuwa ukiitoboa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na cha kwetu kilikuwa darini juu ya sufuria ya maharagwe.

"Spirit!" mke wangu akaniagiza. "Na mswaki. Wowote!"

Nikamletea wa Jentrix, ambaye alipiga kelele. Chepchirchir akaosha kadi kwa spirit ya hospitali, akasugua, maji meusi yakatiririka kwenye sahani, akaosha tena, meusi, akaosha tena, kijivu, akaosha hadi spirit ikaisha na kilichodondoka kilikuwa safi. Kibao kilichokuwa cheusi kikatokea kuwa cha kahawia. Hata sisi tulikuwa tumesahau rangi yake.

"Sasa kukausha," akasema, kisha sote wawili tukatazama mlango wa jikoni, na tukatazamana.

"Nenda kwa Bochaberi," akaniambia. "Kimbia."

Bochaberi ana saluni kando ya barabara. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, soko likiwa limejaa, watu wa Roret walimwona karani wa kiwanda, mwenye shati la kazi, akikimbia kupanda kilima akiwa ameshika blow dryer ya kukaushia nywele, ya rangi ya waridi, na nyuma yake mteja wa Bochaberi mwenye kichwa kilicholowa akimuuliza Mungu ni nini hiki. Wanaume wa stendi waliniambia maneno ambayo sitayaandika. Sikujali. Ningebeba hata lile dude kubwa la kukalia chini yake.

Tukapuliza. Chepchirchir akaichomeka kadi, akakosea tundu mara ya kwanza, akarudia. Akawasha. Kompyuta ikaguna, ikahesabu mambo yake, skrini ikatulia.

Kimya.

Hakukuwa na ngurumo, wala mbu, wala majani makavu. Kulikuwa na kimya kitupu kwenye spika, kiasi cha kusikia kuku nje.

"Nimeiua," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Imelowa ndani. Nimeiua kabisa."

Mimi nikafumba macho. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta maneno ya kumfariji mmoja kabla ya kumsindikiza mwingine. Lakini Mama alikuwa ameinuka. Alipapasa ukuta, akaja, akavuta kiti chake, akaketi. Akainamisha kichwa upande. Akasikiliza kile kimya kwa muda, na nikaona uso wake unaanza kufunguka.

"Hii si kufa," akasema. "Hii ni laini safi."

Akabonyeza kitufe kimoja.

"A," Vinny akasema.

Akabonyeza kingine, na kingine, kisha vidole vyake vyote vikashuka kwa pamoja, na Vinny akaanza kusoma, na kiazi chake moto mdomoni, kila neno likisimama peke yake, halina vumbi. Alisoma somo la mwana mpotevu pale Mama alipoliachia. Nimelisikia somo hilo mara nyingi na halijawahi kunigusa. Siku hiyo lilinigusa. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

Honi ikalia nje. Oyoo akaingia, amechoka na barabara, akanisalimia, akamsalimia shemeji yake aliyekuwa bado ameshika blow dryer, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama, uko tayari?" akauliza.

Mama alimwinulia kidole kimoja, asubiri. Aliandika hadi mwisho wa sentensi, akamwacha Vinny aisome, akarekebisha neno. Ndipo akageuka.

"Oyoo, umefika. Beba hilo begi."

Oyoo akalibeba.

"Rudisha kwa chumba yangu. Halafu ukae, ule."

Oyoo alisimama na begi mkononi, akaniangalia. Nilimwinulia mabega. Akaenda chumbani nalo, na nikamsikia akilishusha juu ya kitanda. Alipotoka alikuwa anatabasamu, maana naye, nadhani, alikuwa amebeba mzigo mwingine njia nzima.

"Na wewe Chepchirchir," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, iliyokuwa ikiwatetemesha mameneja. "Siku zote hizo unanichomea mashine kama mahindi! Nani aliwahi kuona? Na mimi nakaa hapa nakuambia asante, asante, kama mtu amekuja kuomba chumvi. Nilikuwa nakuonea huruma, na huruma ilikuwa karibu inifukuze kwa hii nyumba. Kuanzia leo ukifanya kitu kibaya nitakuambia ni kibaya. Umesikia, nyathina, mtoto wangu?"

"Nimesikia, Mama," mke wangu akasema, na akaanza kulia palepale, kwa nguvu, mdomo wazi.

Mama hakumbembeleza. Alimwambia aende akalie nje, kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza.